Bustani ya Nyumbani na Chungu cha Familia



Tulipotangaza kwamba mazungumzo ya leo yatahusu bustani za nyumbani na mapishi, wako waliotuuliza kwa mshangao kama tume ya haki na amani imekosa mambo ya kushughulikia. Walitarajia tuzungumze juu ya mahabusu, juu ya rushwa, juu ya uchaguzi. Mambo hayo tutayarudia, wala hatukuyasahau. Lakini katika ziara zetu za nyumba kwa nyumba tumekutana na jambo ambalo halimfikishi mtu polisi wala halimpeleki mahakamani, na hata hivyo linawapunguzia watoto wetu kimo cha mwili na wepesi wa akili kabla hawajafikia umri wa kuandikishwa shule. Jambo hilo limo ndani ya chungu.

Tuanze na nyumba moja tuliyoifikia mwezi wa Julai, wakati wa baridi kali. Ghala lilikuwa limejaa mahindi hadi darini, na magunia mengine yalikuwa yamepangwa katika chumba walikolala watoto. Baba wa nyumba alitupokea kwa furaha, akatuonyesha mavuno yake, na kwa kweli alistahili sifa. Kisha mama akaja amembeba mgongoni mtoto ambaye sisi tulimdhania kuwa wa mwaka mmoja na nusu. Tulipouliza, tukaambiwa kwamba ana miaka mitatu na miezi miwili. Hakuwa mgonjwa. Hakuwa na njaa pia, maana alikuwa akila mara tatu kwa siku na kushiba. Asubuhi alikunywa uji wa sembe uliotiwa sukari, mchana akala ugali wa sembe ile ile kwa maharage kidogo, na jioni ugali tena.

Nyumba hiyo si ya pekee. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba watoto 30 katika kila watoto 100 walio chini ya miaka mitano nchini Tanzania wamedumaa, yaani kimo chao ni kifupi kuliko umri wao unavyodai. Na mikoa iliyoongoza kwa udumavu haikuwa ile inayojulikana kwa ukame na njaa. Ilikuwa Iringa, Njombe na Rukwa, mikoa inayowalisha wengine mahindi. Iringa ilivuka nusu ya watoto wake. Tumeyasoma maelezo haya mara nyingi na kila mara yanatuumiza upya, kwa sababu ni sisi tunaopakia malori ya chakula kila mwaka, na ni watoto wetu waliobaki wafupi.

Ni rahisi kusema kwamba akina mama hawajui. Hilo ndilo jibu linalotolewa katika mikutano mingi, na mara nyingi hutolewa na watu ambao hawajawahi kupika hata siku moja. Lakini wazee waliomo humu watakumbuka kwamba Taasisi ya Chakula na Lishe iliundwa kwa sheria mwaka 1973, na kwamba mwaka 1975 watu walikaa vikundi vikundi kandokando ya redio nchi nzima kufuata kampeni ya "Chakula ni Uhai". Makundi ya vyakula yamefundishwa kliniki na shuleni kwa muda wa miaka hamsini. Tulipomwuliza yule mama mtoto wake anahitaji kula nini, alitutajia yote pasipo kukosea: mboga za majani, matunda, mayai, karanga, dagaa. Kisha akatugeuzia swali ambalo siku ile hatukuwa na jibu lake. Alisema: "Navipanda wapi, na saa ngapi?"

Tuitazame kwanza hiyo saa. Katika majira ya kupalilia mama huyo huamka saa kumi na moja alfajiri. Huteka maji, huwasha moto, huacha uji, huenda shambani na kurudi saa nane mchana akiwa na mzigo wa kuni kichwani. Kisha huanza kupika. Katika muda huo wote mtoto mdogo hulishwa uji uliopoa na dada yake wa miaka saba, ambaye naye ni mtoto. Mume wake si mtu mbaya. Yeye pia hulima kwa nguvu. Tofauti ni kwamba akirudi kutoka shambani siku yake imekwisha, na ya mke wake imefika katikati. Ndugu, tunapomwambia mwanamke wa namna hii aongeze bustani juu ya kazi alizo nazo bila kumpunguzia hata moja, tunamwongezea mzigo na kuuita maendeleo.

Sasa tuje kwenye neno lake la pili, yaani mahali.

Zamani mboga zetu zilitoka vinyunguni. Kwa faida ya wageni walio kati yetu tueleze kwamba vinyungu ni matuta yanayolimwa katika mabonde yenye unyevu mvua zinapokwisha. Shamba la juu linapokauka, chini ya udongo wa bondeni maji bado yapo, nayo hulisha mahindi ya kuchoma, maharage, maboga na mboga za kila namna kuanzia katikati ya mwaka hadi mvua zinaporudi. Bibi zetu walijua ni mtaro upi uzibwe na upi uachwe wazi. Na mara nyingi ilikuwa katika vinyungu hivyo kwamba mwanamke alipata si mboga tu bali pia fedha yake ndogo ya chumvi na madaftari, fedha ambayo hakuna mtu aliyemwomba hesabu yake.

Mwaka 2004 ilipitishwa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira. Kifungu chake cha 57 kinakataza shughuli za kudumu za kibinadamu, pamoja na zile zinazoweza kuleta madhara, ndani ya mita 60 kutoka kwenye kingo za mto au ufuko wa ziwa au bwawa. Nia ya sheria hiyo hatuipingi. Maji yanayotoka katika vilima vyetu huingia Ruaha Mkuu, na mto huo, tangu mwaka 1993, umekuwa ukikatika wakati wa kiangazi katika sehemu inayopita ndani ya hifadhi. Mto huo huo ndio unaojaza bwawa la Mtera. Ndugu zetu walio chini ya mto wana haki ya kunywa kama sisi. Ni kweli pia kwamba mashamba makubwa ya mpunga ya Usangu yametajwa mara nyingi kuwa sababu kubwa zaidi kuliko matuta ya mboga. Lakini kosa la jirani halitufanyi sisi tusiwe na la kwetu, na wako miongoni mwetu waliolima hadi kwenye jicho la chemchemi.

Tunachokilalamikia ni jinsi agizo lilivyotekelezwa. Katika bonde moja tunalolijua, mboga ziling'olewa zikiwa zimebakiza majuma mawili tu kuvunwa, na wenye matuta, wengi wao wajane, wakaambiwa waondoke siku ile ile. Katika bonde hilo hilo, hatua ishirini kutoka majini, imesimama mikaratusi ya mtu mwenye uwezo, minene kuliko nguzo za umeme, nayo haikuguswa. Tulipouliza tukajibiwa kwamba ile ni miti, na miti ni mazingira. Sisi tunajua kwamba mkaratusi hunywa maji kuliko maboga, na tena haukupandwa na malaika. Ikiwa mita 60 ni mita 60, zipimwe kwa kamba moja kwa kila mtu. Jambo hili tumelipeleka mbele kwa maandishi, na bado tunafuatilia.

Hata hivyo watoto hawangoji barua zijibiwe. Ndiyo maana baadhi yetu tulianza kuihamishia bustani nyumbani, nyuma ya jiko, na tungependa kuwaeleza kwa ukweli yaliyotupata, pamoja na yale ya kuchekesha.

Msimu wa kwanza tulishindwa. Tulitia samadi mbichi moja kwa moja kutoka zizini, ikaunguza miche yote ya mchicha. Iliyobaki iliteketezwa na umande ulioganda katika juma moja la mwezi wa Juni. Na pale palipopona, kuku walimaliza. Mzee mmoja wa kamati yetu, ambaye alikuwa amejisifu sana juu ya kabichi zake, aliamka asubuhi akakuta mbuzi wa jirani amesimama katikati ya tuta akitafuna kwa utulivu kama mwenye shamba. Tulijifunza kwamba jembe la kwanza la bustani ya nyumbani ni uzio. Mianzi tunayo tele, tuliichana, tukazungushia. Kazi hiyo ilifanywa na wanaume, na tulipatana tangu mwanzo kwamba itakuwa yao.

Msimu wa pili tuliiacha samadi ikae miezi mitatu katika shimo, ikichanganywa na majani makavu na majivu kidogo, tukiigeuza kila mara. Ikawa nyeusi na yenye kumeguka, isiyo na harufu. Pale palipokuwa na nafasi ndogo tulitumia magunia. Gunia husimamishwa, na katikati yake huwekwa kopo kubwa lililotobolewa kitako na kinywa. Kopo hujazwa kokoto, na pembeni yake hujazwa udongo uliochanganywa na mboji. Kisha kopo huvutwa juu kidogo, hujazwa kokoto tena, na udongo huongezwa, hadi gunia lijae na kubaki na nguzo ya kokoto katikati kama uti wa mgongo. Maji yakimwagwa juu hushuka kwa nguzo hiyo na kusambaa hadi chini. Ubavuni hutobolewa matundu madogo, na kila tundu hupandwa mche. Gunia moja hushika miche mingi ya mboga, halihitaji kupaliliwa sana, na hutosheka na maji yaliyosuuzia vyombo ikiwa hayana sabuni nyingi. Njia hii wenzetu wa Nairobi, katika mitaa isiyo na ardhi hata ya kuchimbia choo, wameitumia kwa miaka mingi. Kwa mama mzee asiyeweza kuinama tumeona ina faida nyingine: huchuma akiwa amesimama.

Kuhusu mbegu, tulianza kwa kununua pakiti za dukani, kabichi na chainizi, kwa sababu ndizo zinazoonekana za kisasa. Zilistawi, lakini zilitaka dawa na zilitaka fedha kila msimu. Ndipo bibi mmoja akatuuliza kwa nini tunang'oa mnavu unaojiotea na kuutupa ili tupande mboga nyeupe isiyo na ladha. Hatukuwa na la kujibu. Mnavu, mgagani, majani ya maboga, majani ya kunde, mchicha: mboga hizi zilikuwa zimeanza kuitwa chakula cha maskini, na vijana wengine waliona aibu kumwandalia mgeni. Lakini zina madini ya chuma na vitamini A kwa wingi kuliko kabichi, na mbegu yake hukaushwa juani na kuhifadhiwa katika chupa pamoja na majivu. Mche mmoja wa mchicha ulioachwa uzae mbegu hutosha kijiji kizima. Mbegu hizo tunagawiana bure, na tungependa iendelee hivyo.

Tulipofikia hapo tulidhani kazi imekwisha. Kumbe tulikuwa tumetengeneza kitu cha thamani, na kitu cha thamani hutafutwa na wengi.

Mama mmoja, ambaye ameturuhusu kusimulia haya bila kumtaja, alikuwa na bustani nzuri kuliko zote. Kwa miaka mitatu alikuwa amebeba samadi kwa ungo na kuigeuza ardhi ya nyuma ya nyumba yake kutoka udongo mwekundu wa mfinyanzi kuwa udongo mweusi laini. Siku moja watu wawili wasiojulikana walikuja na kamba, wakaanza kupima. Mume wake alikuwa amekwisha pokea malipo ya awali kutoka kwa mtu aliyetaka kupanda parachichi. Alipoulizwa na mkewe alijibu kwa maneno ambayo wengi wetu tumeyasikia majumbani mwetu, na wengine tumeyasema: "Ardhi ni ya baba yangu. Wewe ulichopanda ni majani tu."

Majani tu! Tungeomba tukae kidogo juu ya neno hilo. Mwanamume yule alikuwa ameyala majani hayo kila jioni kwa miaka mitatu. Watoto wake walikuwa wameacha kupelekwa zahanati mara kwa mara. Akiba iliyopatikana kwa kutonunua mboga ndiyo iliyonunua bati za nyumba. Lakini kwa kuwa hapakuwa na risiti, kazi ile haikuonekana kuwa mali.

Sheria ya nchi inaiona kwa namna nyingine, na ni vema kila mmoja ajue. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, katika kifungu cha 59, inamkataza mume au mke kuuza, kutoa zawadi, kukodisha au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Na nyumba ya ndoa katika sheria hiyo si kuta na paa peke yake. Ni pamoja na uwanja wake, na penye ardhi ya kilimo ni pamoja na sehemu ambayo mmoja amempa mwenzake aitumie mwenyewe. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inasema wazi kwamba mwanamke ana haki sawa na mwanamume ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi. Tena mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ya Tanzania, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, iliamua katika shauri la mgawanyo wa mali baada ya talaka kwamba kazi za mke nyumbani, yaani kupika, kulea na kutunza nyumba, ni mchango katika kupatikana kwa mali ya familia. Hukumu hiyo ina zaidi ya miaka arobaini. Imechelewa sana kufika jikoni.

Hatukumshauri mama yule aende mahakamani. Hakutaka, na nauli hakuwa nayo. Shauri lilipelekwa kwanza kwa wazee wa ukoo, ambako lilikwama, kisha kwenye Baraza la Ardhi la Kijiji, ambalo kwa sheria lina wajumbe saba, na watatu kati yao ni wanawake. Ni mmoja wa wajumbe hao wanawake aliyemwuliza mume swali moja tu: kama pale nyuma ya nyumba ni majani tu, mbona mnunuzi hakutaka kipande kingine kilicho kando ya barabara? Mume alinyamaza. Mwishowe malipo ya awali yalirudishwa nusu, kwa kuwa nusu yalikuwa yametumika, na mnunuzi akapewa kipande kile cha barabarani. Bustani ilibaki. Lakini tusiwadanganye: mama huyo na mume wake walikaa miezi minne bila kusemezana ila kupitia watoto, na sehemu ya mbele ya bustani imekwisha kukanyagwa na ng'ombe wa maksai wa mnunuzi. Amani ile ilikuwa na gharama, na gharama kubwa aliibeba yeye.

Tugeukie sasa mapishi yenyewe, ambako pia hakukosi ugomvi, ingawa ni wa aina nyepesi.

Kilio cha kwanza tulichokisikia kutoka kwa wanaume, na si wao peke yao, kilikuwa kwamba tunawaletea vyakula vya kigeni na kuwaondoa katika chakula cha mababu. Tukawauliza chakula cha mababu ni kipi. Wakajibu ugali. Ndiyo, lakini ugali wa nini? Mahindi yalivuka bahari kutoka Amerika, kama yalivyovuka maharage, karanga, muhogo, viazi na nyanya. Mababu wa mababu zetu walisonga ugali wa ulezi na mtama. Palikuwa na siku ambapo mwanamke fulani katika vilima hivi alisonga ugali wa mahindi kwa mara ya kwanza, na bila shaka palikuwa na mzee aliyesukuma sahani akiuliza hiki ni nini. Wanaokumbuka miaka ya njaa ya 1970 na 1980 watakumbuka pia unga wa njano kutoka Marekani, ambao mitaani uliitwa Yanga kwa ajili ya rangi ya jezi za timu ile. Tuliudharau, tukauita chakula cha mifugo. Leo wataalamu wanatuambia kwamba ile njano ndiyo yenye asili ya vitamini A, ambayo sembe yetu nyeupe haina. Midomo yetu nayo ina siasa zake.

Kwa hiyo tulipoanza na viazi lishe, vile vyenye nyama ya rangi ya chungwa, hatukuhubiri. Viazi hivi vimefanyiwa kazi kubwa na watafiti, na mmoja wao, Robert Mwanga wa Uganda, alikuwa kati ya wanne waliopewa Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 2016. Kwetu kwenye baridi huchelewa kukomaa kuliko bondeni, na ni lazima kuchagua upande wa jua. Tulivichemsha, tukaviponda, tukachukua kikombe kimoja cha kiazi kwa vikombe viwili vya unga wa ngano, tukakanda chapati bila kutia maji kwanza, maana kiazi kina maji yake. Zilitoka za dhahabu na laini. Watoto walizimaliza kabla ya chai kumiminwa. Aliyezipinga kwa sauti kubwa alikutwa baadaye jikoni akizitafuta zilizobaki.

Mengine hayakwenda vizuri. Uji wetu wa kwanza wenye soya ulikuwa na harufu ambayo hata paka aliikimbia, na watoto wawili waliumwa tumbo. Kosa lilikuwa letu: tuliisaga soya mbichi. Soya lazima ichemshwe au ikaangwe kabla ya kusagwa. Tangu hapo tumependelea uji wa ulezi na karanga zilizokaangwa na kutwangwa, ambao hauna hila. Jambo hili si dogo. Kujaribu ni kuzuri, lakini ziko hatua za mapishi ambazo bibi zetu walizifuata kwa sababu, hata kama hawakuieleza. Kisamvu hutwangwa na kuchemshwa muda mrefu kwa sababu kina sumu inayotoka kwa kutwangwa na moto. Katika ukame wa mwaka 1985 huko Tarime, watu waliofupisha hatua za kuutengeneza muhogo mchungu, kwa kuwa njaa haikuwapa nafasi ya kungoja, walipooza miguu kwa ugonjwa unaoitwa konzo, na ugonjwa huo haurudi nyuma. Kwa hiyo tuongeze vitu chunguni kwa uhuru, lakini tusipunguze hatua bila kuuliza.

Yako pia mambo madogo yasiyogharimu chochote. Tumezoea kutia magadi katika mboga ili ilainike upesi na ibaki kijani. Inalainika kweli, lakini vitamini nyingine hufa. Mboga ikatwe baada ya kuoshwa, si kabla, ichemke kidogo, itiwe karanga au mafuta kidogo, kwani vitamini A haiingii mwilini vizuri bila mafuta. Chai ya rangi inayonywewa pamoja na chakula huzuia madini ya chuma yasifyonzwe. Bora ingoje saa moja, na mahali pake ndimu au chungwa likae mezani. Unga wa dona una virutubisho ambavyo sembe imeviacha mashineni, ambako kuku wa mwenye mashine huvila na kunenepa.

Na mayai? Hapa hatuna budi kusema kwa uwazi. Nyumba nyingi tulizozitembelea zina kuku, na mayai yote huenda sokoni ili kununua sukari, sabuni na, tusifichane, ulanzi wa baba. Ziko bado familia zinazomkataza mama mjamzito yai kwa hofu kwamba mtoto atazaliwa bila nywele. Paja la kuku ni la baba, firigisi ni ya baba, na mtoto hupewa mchuzi. Hatusemi baba asile. Tunauliza tu ni nani aliyeigawa sahani hiyo, na lini sisi wengine tuliulizwa. Katika nyumba tatu za kamati yetu tumepatana kwamba katika kila mayai manne moja halivuki mlango. Katika moja ya nyumba hizo mapatano yalivunjika baada ya majuma mawili, tumeanza tena.

Ile saa ambayo mama yule alituuliza, hiyo nayo imepatikana kwa sehemu. Mume wake sasa huteka maji ya bustani jioni kwa baiskeli. Mwanzoni alikwenda baada ya giza kuingia ili asionekane na wenzake. Mwezi uliopita tulimwona akienda saa kumi na moja jioni, madumu manne yakigongana nyuma yake, na alipotuona hakugeuza baiskeli. Mtoto wao tunampima kila mwezi. Kimo kilichopotea hakirudi chote, na wazazi tumewaambia hivyo. Lakini uzito wake umepanda, na mdogo wake aliyezaliwa baadaye anakwenda sawa na mstari wa kadi ya kliniki.

Marando ya viazi lishe yako nje, chini ya mparachichi, yamefunikwa kwa gunia lenye maji. Kila familia ichukue vipande kumi, vya urefu kama kutoka kiwiko hadi kwenye kifundo cha mkono. Mkifika nyumbani yawekeni kivulini, na yapandwe kabla ya kesho kutwa, theluthi mbili zikifukiwa, theluthi moja ikiachwa nje. Mbegu za mgagani ziko katika chupa kwa bibi aliyekaa karibu na mlango. Anaomba mrudishe chupa.